Mzee asiye na pa kulala Unguja na Pemba: makaazi ya serikali, chumba cha wakfu au nyumba ya jamaa?

Babu yetu, aliyekuwa mjomba wa mama, alianza uvuvi Mkoani tangu utotoni, kisha akavuka bahari na kupanga chumba Malindi, mjini Unguja, akaishi hapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yalipofifia alishindwa kwenda baharini, kodi ikamlemea, na mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa na wanawe wa kulisha, akakitaka chumba chake. Miezi minne iliyofuata alilala kwa zamu: wiki moja kwa mpwa, wiki nyingine kwa rafiki aliyewahi kuvua naye, na siku kadhaa, jambo ambalo hatukulijua mpaka baadaye, kwenye baraza ya duka lililo karibu na bandari. Hakuna aliyemhesabu kuwa mtu asiye na makaazi, kwa sababu mchana alikuwa na milango mingi ya kubisha hodi. Hivyo ndivyo tatizo hili lilivyo visiwani kwetu: haliko wazi barabarani, limejificha ndani ya udugu, na huonekana pale tu udugu unapochoka.

Ninaandika kwa ajili ya familia iliyokaa kikao kama tulichokaa sisi, watu wakaulizana mzee apelekwe wapi, na kila mmoja akawa na hofu yake. Njia zilizo wazi zaidi ni tatu: makaazi ya wazee ya serikali, chumba cha kodi nafuu hasa katika nyumba za wakfu, yaani zilizotolewa kwa ajili ya Mungu na zisizouzwa, na kukaa kwa jamaa. Sitazungumzia watoto, ambao wana sheria yao ya mwaka 2011 na nyumba yao ya malezi Mazizini, wala vijana waliokosa makaazi kwa sababu ya dawa za kulevya, ambao safari yao huanzia katika tiba, Kidongo Chekundu au Kidimni. Haja zao ni nyingine, na kuwachanganya na wazee kungewapunja wote.

Mambo ya kutengeneza kwanza, njia yoyote itakayochaguliwa

Mlango wa kwanza ni wa sheha, mkuu wa shehia. Shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, na barua ya sheha inayothibitisha kwamba mzee anaishi pale, au aliishi pale kabla ya kupoteza chumba, ndiyo inayofungua ofisi nyingine zote. Tatizo ni kwamba mzee anayelala leo hapa na kesho kule huwa si mtu wa shehia yoyote: sheha wa zamani husema amehama, na wa sasa husema hamjui. Kwa hiyo nendeni kwa sheha mapema, kabla kumbukumbu za majirani hazijafifia, tena mwende na majirani wawili watatu wanaoweza kusimama na kumshuhudia.

Mlango wa pili ni Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mtu anayebeba maisha yake ndani ya kipolo kimoja hupoteza karatasi kwa wepesi sana, na bila kitambulisho hata haki iliyo wazi huwa ngumu kudaiwa. Kama kimepotea, lishughulikieni jambo hilo wiki hiyo hiyo.

Mlango wa tatu ni pensheni jamii. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwalipa wakaazi waliotimiza miaka 70 bila kuangalia kama waliwahi kuajiriwa, na hilo ni jambo kubwa kwa wavuvi, wakulima wa karafuu na akina mama waliolima mwani maisha yao yote pasi na hati ya mshahara. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi 50,000. Ni fedha ya kushukuriwa, lakini ukiigawa kwa siku thelathini inabaki shilingi elfu moja na mia sita na kitu kwa siku, na kwa hesabu hiyo haiwezi peke yake kulipa chumba na kulisha mtu. Kuna pia pengo linaloumiza: mtu huhesabiwa mzee akifika miaka 60, ilhali pensheni humsubiri hadi 70. Babu yetu alipopoteza chumba alikuwa na miaka 66.

Vipimo tulivyovitumia

Baada ya mabishano mengi tulikubaliana kupima kila njia kwa mambo sita: paa na usalama wake, urahisi wa kuingia, gharama, uangalizi wa mwili, udugu pamoja na ibada na heshima, na mwisho uwezekano wa kutoka iwapo mambo hayatakwenda vizuri. Kipimo cha mwisho watu hukisahau, na kwa maoni yangu kingepaswa kuulizwa cha kwanza, kwa sababu mzee aliyekwisha kuhamishwa mara tatu hana nguvu ya kuhamishwa mara ya nne.

Makaazi ya wazee: Sebleni, Welezo na Limbani

Unguja ina makaazi mawili ya serikali, Sebleni na Welezo, na Pemba ina Limbani, Wete. Asili zake zinatofautiana. Welezo inatokana na kazi ya wamisionari wa Kanisa Katoliki waliotunza masikini na wagonjwa wa ukoma, na Sebleni ni matunda ya siasa ya baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, ambapo serikali ilijitwika dhamana ya wazee wasio na mtu.

Kuhusu paa, hakuna njia nyingine inayoshindana na hii. Mwenye nyumba hamtoi mtu, masika hayamkuti nje, na mzee hahitaji kujiuliza mwezi ujao atalala wapi. Kuhusu gharama vilevile, malazi, chakula na matunzo ni dhamana ya serikali, na familia hubakiwa na yale ya hiari: kanzu ya Idi, dawa ya kupaka magoti, nauli ya kwenda kumtazama.

Kuingia ni jambo jingine. Makaazi haya yamekusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, kwa hiyo njia hupitia kwa sheha, kisha kwa maafisa wa ustawi wa jamii wanaochunguza kama kweli mzee hana jamaa. Hapa familia nyingi hukwama, kwa sababu zinataka mzee apokelewe huku zenyewe zipo na zina uwezo kiasi. Naona uchunguzi huo ni wa haki, kwani nafasi ni chache na kila kitanda anachokalia mwenye watoto wanne hukikosa asiye na hata mmoja. Lakini jamaa mwenye chumba kimoja na watoto sita si jamaa mwenye uwezo, na afisa akielezwa hali kwa ukweli, pamoja na idadi ya watu na vitanda vya nyumbani, ataweza kupima. Msimfiche jambo.

Uangalizi wa mwili ndio ubora mkubwa wa makaazi haya kwa mzee asiyeona, asiyetembea au aliyeanza kusahau. Kuna watumishi ambao kazi yao ni hiyo, na kuna mtu wa kugundua kwamba mzee hakula tangu asubuhi. Nyumbani, ambako kila mtu hudhani mwenzake amempa chakula, jambo hilo linaweza kupita bila kuonekana.

Kinachobaki ni heshima, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kikao chetu kilipovunjika mara mbili. Mama yetu mdogo alisema, «Mjomba wangu haendi Sebleni maadamu mimi ni hai, watu watasema nini?» Babu mwenyewe alikuwa na hofu nyingine, aliyoitamka kwa sauti ndogo: «Nani atanizika?» Nimekwenda kuwatembelea wazee huko zaidi ya mara moja, na nilichokiona hakifanani na kile tunachotishana nacho mitaani. Wapo wanaocheza bao alasiri, wapo waliopata marafiki baada ya miaka ya kukaa kimya katika pembe ya chumba cha mtu, na mzee anapofariki, maziko ni faradhi ya kifaya kwa Waislamu wa pale kama yalivyo mahali pengine popote. Nyumba njema si mlango. Hata hivyo yapo maumivu ya kweli: mzee huondolewa katika mtaa unaojua jina la baba yake, na siku za Ramadhani na Idi, wageni wanapokuja na futari na sadaka pamoja na kamera zao, si kila mzee hupenda kupigwa picha akipokea mfuko wa mchele. Mkienda kuwatazama, ombeni idhini kwanza.

Kutoka kunawezekana. Jamaa akipata uwezo, anaweza kuzungumza na ustawi wa jamii na kumrudisha mzee nyumbani. Kigumu ni kurudi tena makaazini baada ya kutoka, kwa hiyo msimtoe kwa hamasa ya mwezi mmoja.

Kwa watu wa Pemba kuna la kuzingatia zaidi. Mzee wa Micheweni au Kojani akipelekwa Sebleni, kumtazama ni safari ya meli, na safari ya meli hufanywa mara moja kwa mwaka. Limbani iko karibu na watu wake, na ukaribu huo unafaa kupewa uzito mkubwa.

Chumba cha wakfu au cha kodi nafuu

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una nyumba nyingi zilizowekwa wakfu na wenyewe zamani, nyingine kwa ajili ya misikiti na masikini, nyingine kwa ajili ya kizazi chao. Zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kodi zake kwa kawaida ni ndogo kuliko za nyumba za watu binafsi. Wazo la kumpa masikini ardhi au paa kwa ajili ya Mungu ni la zamani sana kwetu. Sehemu kubwa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nje ya Mji Mkongwe, ilijengwa na watu wa chini, wengi wao waliotoka utumwani, juu ya ardhi za wakfu na za matajiri ambazo mwanzoni hazikutozwa kitu au zilitozwa kidogo. Ardhi hizo zilipogeuzwa kuwa za kodi, wakaazi waligoma mwaka 1928 na kukataa kulipa. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu wengi wetu tumesahau kwamba wakfu ulikuwa huduma ya makaazi kabla ya kuwepo idara yoyote ya ustawi.

Kuingia ni kwa maombi, na subira yake ni ndefu. Vyumba ni vichache, wanaovihitaji ni wengi, na aliyepata chumba huwa hakiachi. Lipo, hata hivyo, jambo ambalo familia nyingi hazilifanyi: kuuliza kama ukoo wenyewe una wakfu. Wakfu wa kizazi hauuzwi, na mzee anaweza kuwa mmoja wa wenye haki ndani ya nyumba anayoipita kila siku akienda sokoni. Waulizeni wazee wa ukoo, kisha mwende Kamisheni mkiwa na majina ya babu na babu wa babu.

Ushauri huo unawahusu zaidi akina mama wajane. Mume akifariki na kuacha watoto, mjane hurithi thumuni. Nyumba ikiuzwa ili kila mtu apate fungu lake, thumuni ya nyumba ya kawaida hainunui hata chumba. Wajane wengi tunaowaona wakihama kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule walikuwa na nyumba yao mpaka siku ya arubaini. Kabla ya kukubali kuuza, pateni ushauri wa wasaidizi wa sheria, waliotambuliwa kwa sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018, na mlifikishe jambo mbele ya kadhi.

Gharama ya njia hii ni kodi pamoja na maji, umeme, mkaa na chakula, na pensheni ya shilingi 50,000 haitoshi. Lazima pawe na jamaa watakaochanga kila mwezi, kwa jina na kwa kiasi kinachojulikana. Uangalizi wa mwili haupo isipokuwa majirani, na majirani wa vichochoroni mwetu ni wema kwa kweli, ila hawawezi kufanywa watumishi.

Paa lenyewe linahitaji macho makali. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya msimu mzima wa masika, boriti huoza kwa ndani huku chokaa ya nje ikionekana nzima. Ngazi zake ni za kusimama, na choo mara nyingi ni cha kushirikiana na kiko chini. Mzee wa ghorofa ya pili mwenye magoti mabovu huwa mfungwa wa chumba chake. Kagueni mvua inaponyesha, si wakati wa kiangazi.

Kwa upande wa heshima, njia hii inapita nyingine zote. Mzee ana ufunguo wake, anapokea wageni wake, anakwenda msikiti ule ule aliouzoea na kukaa baraza ile ile. Babu alisema chumba chenye mlango wa kufunga kilikuwa ndicho alichokikosa zaidi ya chakula. Kutoka pia ni rahisi, na hilo ni jema na baya: anaweza kuondoka atakapo, na anaweza kuondoshwa michango ikikatika.

Shirika la Nyumba Zanzibar watu hulitaja kila mara katika mazungumzo haya kwa sababu ya nyumba za Maendeleo za Kikwajuni, Michenzani na za Pemba. Kwa mzee asiye na kipato na anayehitaji pa kulala mwezi huu, hilo si jibu la haraka.

Nyumba ya jamaa

Hii ndiyo njia inayochukuliwa na wengi, mara nyingi bila kuchaguliwa. Kuingia hakuna barua wala uchunguzi. Mzee hufika na kipolo chake na kutandikiwa. Kwa sababu hiyo hiyo masharti hayasemwi, na yasiyosemwa huzaa kinyongo. «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe» ni maneno tunayoyasema kwa mapenzi, lakini mzee asiyeweza kushika jembe huyasikia kwa namna nyingine.

Paa huwa imara kadiri ya ndoa na kipato cha mwenye nyumba. Mkwe akichoka, au mwana akipata uhamisho wa kazi, mzee hurudi alikotoka. Gharama hubebwa na mtu mmoja, kwa kawaida mwanamke, anayepika, anayefua na anayeamka usiku, huku ndugu wengine wakipiga simu kuuliza hali. Tulipolipanga hili kwetu tuliandika kwenye karatasi nani anatoa nini, nani anamchukua mzee siku za Ijumaa ili mwenyeji apumzike, na pensheni itakapoanza ishikwe na nani. Baadhi ya ndugu waliona aibu kuandikiana. Karatasi ile imezuia ugomvi zaidi ya mmoja.

Familia iliyo duni sana inaweza kuwa ndani ya mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaoendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, Unguja na Pemba. Utambuzi wa kaya hufanyika katika shehia, kwa mkutano wa wananchi na kwa awamu, hivyo si msaada wa kuombwa leo na kupatikana kesho; hudhurieni mkutano unapotangazwa na mhakikishe mzee anatajwa kuwa mmoja wa kaya.

Udugu na ibada viko hapa kwa ukamilifu kama nyumba ina moyo: wajukuu, harufu ya jikoni, mtu wa kumsomea Yasin. Shamba, hasa Pemba, kuna namna iliyo bora zaidi, ya kumjengea mzee kibanda chake ndani ya kiambo cha jamaa, ili awe karibu na asiwe mgeni. Lakini msidhani kila nyumba ya jamaa ni salama. Mzee anayenyimwa chakula, anayepigwa au anayenyang'anywa pensheni yake yuko katika dhulma, na Zanzibar ina sheria ya wazee tangu mwaka 2020. Sheha na afisa ustawi wa jamii wa wilaya wanapaswa kuambiwa, hata kama mkosaji ni ndugu.

Kwa hali ipi, njia ipi

Kama mzee hana mtoto wala ndugu wa karibu, au haoni, hatembei na hakuna mtu mzima anayeshinda nyumbani, anzeni na makaazi ya serikali, ya kisiwa chake kwanza, na mwende naye kuyaona kabla ya kuamua. Msipange kumpeleka huku mmemwambia anakwenda hospitali. Wapo waliofanya hivyo, na mzee hasamehe.

Kama bado ana nguvu za kupika na kujisafisha, na wako jamaa wanaoweza kuchanga kwa ahadi iliyoandikwa, chumba kitamfaa zaidi, kikiwa cha chini na kilicho karibu na msikiti au kanisa lake. Peleka maombi ya wakfu mapema, na wakati wa kusubiri mpangieni kwingine. Akiwa na miaka kati ya 60 na 69, hesabuni kodi yote bila pensheni.

Kama kuna nyumba ya jamaa yenye nafasi, na mwenye kubeba mzigo ameulizwa na kukubali yeye mwenyewe, si kwa kinywa cha mumewe au kaka yake, basi hapo panatosha, mradi karatasi ya kugawana iandikwe wiki ya kwanza.

Kama nyumba imeanguka au imejaa maji ya mvua, huo ni mwanzo mwingine: taarifa kwa sheha siku hiyo hiyo, ili iifikie Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na hifadhi ya muda itafutwe kabla ya kujadili makaazi ya kudumu.

Babu yetu alichagua kibanda katika kiambo cha wapwa zake, Mkoani, na alikuwa yeye aliyechagua. Kwa aliye na mzee anayelala barazani usiku huu, mlazeni kwa yeyote aliye karibu kwa siku saba zilizotajwa waziwazi, na asubuhi mwende naye kwa sheha, yeye mwenyewe akiwepo, mkiwa na kitambulisho chake au namba yake, majirani wawili, na jina la shehia ya mwisho alikokuwa na mlango wake.